Kutoka Timu ya Chuo Hadi Gofu ya Kulipwa: Safari ya Lorena Ochoa



Somo letu safari hii ni la wazazi wenye binti anayeng'ara michezoni, na binti mwenyewe akae karibu asikie. Tumezoea kuongea juu ya mbio, maana hapa kwetu mbio hata mtoto mdogo anazijua. Lakini juzi mama mmoja alinijia na swali la gofu. Mume wake ni kedi, yaani mmoja wa wale wanaobeba mifuko ya fimbo za wachezaji. Binti yao, ambaye bado yuko shule ya upili, alianza kupiga mpira kwa fimbo kuukuu za kuazima, na sasa anawashinda watu wazima. Watu wa kilabu wamemwambia akikaza atapata chuo Marekani, asome bure kwa sababu ya gofu. Mama akaniuliza, "Sasa dada, akishinda huko chuoni, si ndiyo amefika?"

Nilishindwa kumjibu. Mimi mwenyewe gofu nimekuwa nikiitazama nikiwa nje ya ua. Nikamwomba muda nitafute. Niliyoyapata ndiyo haya nawaandikia, na mengi yanahusu mwanamke mmoja wa Meksiko aitwaye Lorena Ochoa, kwa sababu safari yake inaonyesha vizuri kile kipande cha njia ambacho watu hawakisemi. Ni kile kipande kilicho kati ya kombe la chuo na pesa ya kwanza ya kujilisha.

Tuelewe kwanza mchezo wenyewe

Uwanja wa gofu una mashimo 18. Kila shimo lina hesabu yake ya mapigo ambayo mchezaji mzuri anatarajiwa kuyatumia, matatu au manne au matano, na jumla mara nyingi huwa 72. Mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Mchezaji anaruhusiwa kubeba fimbo zisizozidi 14. Mashindano makubwa huchukua siku tatu au nne, na baada ya siku mbili za kwanza kwa kawaida kuna mchujo: walio nyuma wanafunga mizigo na kwenda nyumbani.

Shikeni hapo kwenye mchujo, tutarudi.

Lorena alizaliwa tarehe 15 Novemba 1981 katika mji wa Guadalajara. Nyumba yao ilikuwa jirani kabisa na kilabu cha gofu cha mji huo. Alianza kucheza akiwa na miaka mitano. Hapa niseme ukweli, maana hadithi kama hizi hupendwa kuanzia kwenye umaskini hata pale ambapo haukuwepo. Lorena hakutoka familia maskini. Baba yake alikuwa katika biashara ya nyumba na ardhi, na familia iliweza kumlipia kilabu na safari. Alipokuwa mtoto alisafirishwa hadi San Diego, Marekani, kucheza mashindano ya watoto ya dunia, na akayashinda miaka mitano mfululizo. Binti wa kedi hana baba wa kumpeleka San Diego. Tukisahau tofauti hiyo, somo lote litatudanganya.

Hata hivyo pesa ya baba haimpigii mtu mpira. Meksiko wakati huo haikuwa na mwanamke hata mmoja aliyewahi kushinda katika ligi kubwa ya wanawake wa kulipwa huko Marekani, ile inayojulikana kwa herufi LPGA, ambayo ilianzishwa na wanawake 13 mwaka 1950. Kwa hiyo mbele yake hapakuwa na mtu wa kwao wa kumwonyesha njia.

Mlango wa chuo

Mwaka 2000 Lorena aliingia Chuo Kikuu cha Arizona, katika mji wa Tucson, jangwani. Kwa nini chuo cha Marekani kinamgharamia msichana wa nchi nyingine ili acheze gofu? Sababu kubwa ni sheria. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria inayokataza ubaguzi wa wanaume na wanawake katika shule na vyuo vinavyopokea pesa za serikali kuu. Vyuo vilikuwa vikiwapa vijana wa kiume ufadhili mwingi wa michezo, na wasichana karibu bure. Baada ya sheria hiyo ikabidi vyuo vifungue timu za wasichana na kuwatafutia ufadhili. Mashindano ya kitaifa ya gofu ya wanawake chini ya shirika la michezo ya vyuo, NCAA, yalianza mwaka 1982. Kwa hiyo nafasi anayoiona binti yetu leo ilipiganiwa bungeni, na haikutokana na wema wa kocha fulani.

Gofu ya chuo ni ya timu. Wachezaji watano wanatoka kwa niaba ya chuo, na kila siku hesabu za wanne waliofanya vizuri ndizo zinazojumlishwa. Ukiharibu siku moja, wenzako wanakubeba. Kocha anapanga basi, ndege, hoteli na chakula, na chuo kinalipa. Ukiugua kuna daktari. Ukishindwa, Jumatatu unarudi darasani na kitanda chako kipo. Wacha tukumbuke haya yote, kwa sababu ndiyo yanayopotea siku ya kwanza ya kuitwa mchezaji wa kulipwa.

Katika miaka miwili Lorena alicheza mashindano 20 ya chuo akashinda 12. Mwaka wake wa pili pekee aliingia mashindano 10 na kushinda 8. Alichaguliwa mchezaji bora wa mwaka wa vyuo mara mbili, 2001 na 2002. Novemba 2001 Rais wa Meksiko, Vicente Fox, alimkabidhi tuzo ya taifa ya michezo, na hakuna mchezaji wa gofu aliyekuwa amewahi kuipata kabla yake.

Lakini kuna jambo moja ambalo mama yule alishangaa sana nilipomwambia. Ubingwa wa kitaifa wa vyuo, lile kombe ambalo kila mwanafunzi analitaka, Lorena hakulipata kamwe. Mwaka 2001 alikuwa wa pili. Mwaka 2002 akawa wa pili tena. Msichana aliyekuja kuwa nambari moja duniani hakuwa bingwa wa vyuo.

Njia panda ya mwaka 2002

Baada ya miaka miwili, akiwa na miaka 20, Lorena aliacha chuo bila kumaliza digrii. Tusipite haraka hapa, maana ndipo wazazi wengi tunapopata joto.

Kwa sheria za wakati ule, mchezaji wa ridhaa hakuruhusiwa kuchukua zawadi ya pesa. Ukikubali pesa umefunga mlango wa timu ya chuo, na mlango huo haufunguki tena. Kwa hiyo alikuwa anachagua moja: aendelee kushinda bure huku akisoma, au aingie kwenye kazi. Alichagua kazi.

Sasa, mtu angefikiri mchezaji aliyeshinda 12 kati ya 20 anaitwa moja kwa moja kwenye ligi kubwa na kukaribishwa kwa maua. Hapana. Ligi kubwa ilikuwa haijali makombe ya chuo. Ilikuwa na milango miwili hasa. Wa kwanza ni mashindano ya kufuzu mwishoni mwa mwaka, ambapo mamia ya wasichana wanagombea nafasi chache. Wa pili ni ligi ndogo, iliyoitwa Futures Tour wakati huo, ambapo walioongoza orodha ya mapato mwisho wa msimu walipewa nafasi ya kupanda.

Mlango wa kwanza usiuchezee. Annika Sörenstam wa Uswidi alisoma chuo hicho hicho cha Arizona, na yeye alikuwa bingwa wa vyuo mwaka 1991. Mwaka uliofuata alikwenda kwenye mashindano ya kufuzu akakosa nafasi kwa pigo moja. Pigo moja tu! Ikabidi aende kucheza ligi ya Ulaya mwaka 1993 kabla ya kuingia LPGA mwaka 1994. Huyo ndiye aliyekuja kushinda mashindano 72 ya ligi hiyo. Kama angekata tamaa mwaka ule wa 1992, leo jina lake lingekuwa linajulikana kwa watu wa chuoni kwao tu.

Lorena alipita mlango wa pili. Alicheza mashindano 10 ya ligi ndogo mwaka 2002, akashinda 3, na akamaliza juu kabisa ya orodha ya mapato. Mashindano hayo hufanyika katika miji midogo. Mfuko mzima wa zawadi kwa wachezaji wote ulikuwa mdogo kuliko pesa ya mshindi mmoja wa ligi kubwa. Wachezaji wengi husafiri kwa gari mwendo wa saa nyingi, na kuna desturi nzuri huko kwamba familia za mji husika huwakaribisha wachezaji nyumbani kwao wiki hiyo, wale na kulala bila malipo. Mimi kama mfanyakazi wa jamii nilifurahi kusoma hilo. Kumbe hata katika mchezo unaoitwa wa matajiri, watu huinuka kwa kitanda cha jirani.

Kwa maoni yangu, ule msimu mmoja wa ligi ndogo ulimfaa kuliko makombe yote 12 ya chuo. Hapo ndipo alipojifunza kusafiri bila kocha wa kumwamsha, kuhesabu matumizi yake na kucheza akijua kwamba pigo lililopotea ni pesa iliyopotea.

Kazi yenyewe inavyolipa

Turudi sasa kwenye ule mchujo. Watu wakisikia "mchezaji wa kulipwa" wanafikiri kuna mtu anayemlipa kila mwezi. Hakuna. Mchezaji wa gofu ni kama mama wa sokoni aliyekodi kibanda. Analipa ada ya kuingia mashindano. Analipa ndege, hoteli, chakula. Kedi wake analipwa kwa wiki na tena anapewa asilimia ya zawadi. Kocha analipwa. Kodi ya serikali inakatwa. Halafu akikosa mchujo siku ya pili, mara nyingi haondoki na kitu, na bili za wiki ziko pale pale. Wiki tatu mfululizo za namna hiyo na mtu anaanza kukopa.

Ndiyo maana wanaodumu karibu wote wana mtu nyuma yao: mzazi mwenye uwezo, kilabu, kampuni inayotaka jina lake kwenye kofia. Lorena alikuwa na familia. Binti asiye na familia ya namna hiyo anahitaji mpango wa pesa wa angalau msimu mmoja kabla hajaacha chuo, na mpango huo uwe umeandikwa, usiwe wa "Mungu atafungua njia". Mungu hufungua njia, lakini hoteli wanataka malipo kabla ya kukupa ufunguo.

Mwaka 2003 Lorena alicheza msimu wake wa kwanza wa ligi kubwa na kupewa tuzo ya mgeni bora wa mwaka, ingawa hakushinda shindano hata moja. Mwaka 2004 ndipo alipopata ushindi wa kwanza, na wa pili mwaka huo huo, mwanamke wa kwanza aliyezaliwa Meksiko kufanya hivyo.

Halafu ikaja siku ya Juni 2005. Yalikuwa mashindano ya wazi ya wanawake ya Marekani, makubwa kuliko yote nchini humo, katika uwanja wa Cherry Hills, jimbo la Colorado. Lorena alifika shimo la mwisho akiwa sawa na walioongoza. Shimo lile lilitaka mapigo manne. Pigo lake la kwanza likaenda majini. Akahangaika, mpira ukakataa, na alipomaliza alikuwa ametumia mapigo manane. Angetumia manne angemaliza sawa na mshindi na kwenda kwenye mchezo wa kuamua. Alimaliza wa sita, pamoja na wengine, mbele ya watu maelfu na televisheni.

Wangapi kati yetu tumewahi kuharibu jambo mbele ya kijiji kizima, tukatamani ardhi itumeze? Yeye wiki zilizofuata alirudi uwanjani. Hakubadilisha kazi, hakumlaumu kedi wake hadharani. Mwaka 2006 alishinda mara sita na kuwa mchezaji bora wa mwaka, tuzo aliyoitwaa miaka minne mfululizo hadi 2009. Aprili 2007 alimpita Annika Sörenstam na kuwa nambari moja duniani, akakaa hapo wiki 158 bila kushuka. Mwaka huo wa 2007 alikuwa mwanamke wa kwanza katika mchezo huo kupata zaidi ya dola milioni 4 za zawadi kwa msimu mmoja.

Agosti 2007 alishinda mashindano makubwa kwa mara ya kwanza, huko St Andrews, Uskoti, kwenye uwanja wanaouita chimbuko la gofu. Ilikuwa mara ya kwanza wanawake wa kulipwa kushindana pale. Wiki hiyo wachezaji walifunguliwa milango ya jumba la kilabu maarufu lililo kando ya uwanja, kilabu ambacho hakikuwa na mwanachama mwanamke hata mmoja. Kilipiga kura ya kuwakubali wanawake mwaka 2014. Miaka saba baadaye! Wenye haraka na mabadiliko wasome hapo mara mbili.

Jambo jingine. Viwanja vingi vya gofu vya Marekani vinatunzwa na wafanyakazi wahamiaji kutoka Meksiko, wanaoamka usiku kukata nyasi. Lorena alikuwa na desturi ya kuwatembelea mahali pao pa kazi wakati wa mashindano, kuwasalimu na kula nao. Wao nao walikuja kumshangilia. Mtoto wa kedi anaelewa maana ya kitendo hicho bila kuelezwa.

Mwaka 2010, akiwa na miaka 28 na bado nambari moja, aliacha mchezo ili akae na familia yake na kushughulikia mfuko wake wa hisani, ambao unaitegemeza shule ya La Barranca huko Guadalajara, ya watoto wa familia zenye kipato kidogo. Alikuwa ameshinda mashindano 27 ya ligi, mawili kati yake yakiwa yale makubwa.

Je, lazima kuacha chuo?

Nilipomsimulia mama haya yote akasema, "Basi binti yangu naye atataka kuacha shule." Ndiyo maana niliendelea kutafuta.

Mwishoni mwa 2018 wasichana wawili wanafunzi, Jennifer Kupcho wa chuo cha Wake Forest na Maria Fassi wa Chuo Kikuu cha Arkansas, walifuzu kuingia ligi kubwa. Fassi naye ni wa Meksiko. Safari hii ligi ilikuwa imeweka utaratibu mpya: mwanafunzi akifuzu angeweza kuomba nafasi yake ingoje hadi katikati ya mwaka unaofuata. Wote wawili wakaomba, wakarudi chuoni kumaliza mwaka. Kungoja kuliwapa jambo lisilotarajiwa. Aprili 2019 kilabu cha Augusta National, ambacho kiliwakubali wanachama wanawake kwa mara ya kwanza mwaka 2012, kiliandaa mashindano ya kwanza ya wanawake wa ridhaa. Wangekuwa tayari wanalipwa wasingeruhusiwa kuingia. Kupcho alishinda, Fassi akawa wa pili. Mwezi uliofuata Fassi akawa bingwa wa vyuo kwenye uwanja wa nyumbani kwao Arkansas, na siku chache baadaye wote wawili wakaanza kazi ya kulipwa.

Na baada ya hapo? Kupcho alishinda mara tatu mwaka 2022, mojawapo ikiwa shindano kubwa. Fassi, aliyekuwa bingwa wa vyuo, hadi mwisho wa 2024 hakuwa amepata ushindi hata mmoja katika ligi hiyo. Simwambii mtu hili ili kumdharau Fassi, kwani kuingia na kubaki pale ni kazi ngumu. Nalisema kwa sababu mama aliniuliza kama kushinda chuoni ndiyo kufika.

Njia nyingine ni ya Rose Zhang wa Chuo Kikuu cha Stanford. Yeye alikuwa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa vyuo mara mbili, 2022 na 2023, na hesabu yake ya chuo ni kama ya Lorena kabisa: mashindano 20, ushindi 12. Juni 2023 alicheza shindano lake la kwanza la kulipwa, huko Jersey City, akalishinda. Jambo hilo lilikuwa halijatokea katika ligi hiyo tangu mwaka 1951. Wengi wangetupa vitabu siku hiyo hiyo. Yeye aliendelea kurudi Stanford kwa vipindi vya masomo, akikosa baadhi ya mashindano kwa ajili ya darasa. Lakini tusisahau kwamba Julai 2021 sheria za vyuo zilibadilika, wanafunzi wakaruhusiwa kulipwa kwa matangazo ya biashara. Mwanafunzi wa leo mwenye jina kubwa hana presha ile ya pesa aliyokuwa nayo mwenzake wa mwaka 2002.

Na kama mnafikiri haya ni ya mbali, Februari 2024 yalifanyika mashindano ya ligi ya wanawake ya Ulaya pale Vipingo, kaunti ya Kilifi, kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malindi. Aliyeshinda ni Shannon Tan wa Singapuri, msichana wa miaka 19 aliyetoka katika timu ya chuo cha Texas Tech. Alikuwa amefuzu Desemba 2023, na Vipingo ndipo aliposhindana kwa mara ya kwanza kama mwanachama wa ligi hiyo. Hakuna mtu wa nchi yake aliyewahi kushinda katika ligi hiyo. Miezi sita baadaye alikuwa Paris kwenye Olimpiki. Wasichana wa Kenya wa ridhaa wamekuwa wakialikwa kucheza Vipingo pamoja na wanaolipwa. Kwa hiyo mlango mmoja wa safari hii uko umbali wa matatu kutoka Mombasa.

Niliyomwambia mama

Nilimwambia: hapana, akishinda chuoni hajafika. Amefika njia panda, na pale ndipo atakapohitaji wazazi kuliko hata sasa.

Halafu tukaketi na kuandika mambo ya kuuliza kabla hajatia sahihi barua yoyote. Ufadhili ni wa asilimia ngapi? Kwa miaka mingi chuo cha ngazi ya juu hakikuruhusiwa kutoa zaidi ya ufadhili 6 kamili kwa timu nzima ya gofu ya wanawake, kwa hiyo makocha waliugawanya vipande vipande. Sheria hiyo ililegezwa mwaka 2025, lakini chuo ndicho kinachoamua kitoe kiasi gani. "Umepata skolashipu" inaweza kumaanisha karo yote na chakula na kitanda, au inaweza kumaanisha vitabu tu. Nauli ya ndege nani analipa? Akiumia mkono, ufadhili unaendelea?

Halafu masomo. NCAA huangalia alama za masomo ya msingi ya shule ya upili, kama lugha, hesabu na sayansi. Mtihani wa SAT waliuondoa kwenye masharti yao mwaka 2023, ingawa vyuo vingine bado huuomba. Kwa hiyo msichana anayekosa shule kila Ijumaa kwenda uwanjani anajiharibia hapo hapo anapofikiri anajijenga. Hilo nilimwambia binti mwenyewe, na hakulipenda.

Na jihadharini na mawakala. Ninyi mnajua wanavyokuja: suti, simu mbili, "lipeni kidogo tu ya kufungua faili." Makocha wa vyuo wanaandikiwa barua moja kwa moja, na anwani zao ziko wazi kwenye kurasa za chuo. Kinachohitajika ni hesabu za mashindano aliyocheza, zilizothibitishwa, na video fupi ya jinsi anavyopiga. Baba kedi anaweza kuishika simu na kumpiga picha bila kulipa mtu yeyote.

Ya kujadili katika kikundi

Lorena aliacha chuo akiwa na familia yenye uwezo nyuma yake. Binti yetu asiye na familia hiyo akipata nafasi kama ile ya 2002, sisi kama jumuiya tungeweza kumchangia nini, na kwa muda gani kabla hatujachoka?

Kilabu kilicho karibu nasi kinawaruhusu watoto wa makedi kucheza siku gani? Nani kati yetu amewahi kwenda kuuliza?

Na wewe mzazi: mwanao akiharibu shimo la mwisho mbele ya watu, neno la kwanza utakalomwambia mkiwa njiani kwenda nyumbani ni lipi?